Wachezaji Wanakula, Msimamizi Anaosha Vyombo

Mfyuuu! Eti Dungeons & Dragons ni mchezo mwepesi. Mwepesi kwa nani? Hebu sogeeni hapa, na wewe fundi punguza hiyo redio, maana jambo hili limenikaa kooni siku nyingi.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa mezani wa Wamarekani. Waliouanzisha ni Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974 kule Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake kaandikwa kwenye karatasi: huyu mpiganaji, yule mchawi, yule kasisi, yule mwizi. Mmoja wao hana mhusika. Huyo ndiye msimamizi. Yeye anasimulia mlipo, yeye ndiye joka, ndiye mwenye duka, ndiye mfalme na walinzi wake wote. Nyie mnasema mnafanya nini, yeye anasema kimetokea nini, na penye shaka dadu inaamua.

Ugomvi wangu ni na kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, walilolisimamia Mike Mearls na Jeremy Crawford. Na kabla hamjaanza kunirushia maneno, nakiri wale jamaa ni mafundi. Nimekaa kwenye kiti cha mchezaji nimefurahi. Kisha nimekaa kwenye kiti cha msimamizi, nikaona pesa ya ile furaha inatoka mfuko wa nani. Kila walipomrahisishia mchezaji, bili waliipeleka upande wa pili wa meza. Ni kama shughuli ya mtaani: wageni wanasifia pilau, wanafungiwa na ya kubeba, na aliyebaki na masufuria saa nane usiku ni mtu mmoja.

Tuanze na sifa, msije mkasema nina husuda.

Mchezo wote unasimama juu ya dadu moja ya pande 20. Unatupa, unajumlisha namba yako, unafika au hufiki. Kwishnei. Wakongwe wanakumbuka toleo la mwaka 2000 lilivyokuwa: nyongeza zina koo na ukoo. Kuna ya uchawi, ya ari, ya bahati, ya mazingira. Hii inajumlishwa na ile, hii haijumlishwi na mwenzake. Mtu anashika kalamu kabla hajashika upanga. Toleo la tano likasema basi. Ukiwa pazuri, tupa dadu mbili uchukue kubwa. Ukiwa pabaya, tupa mbili uchukue ndogo. Tuite nafuu na kikwazo.

Tazama inavyofanya kazi. Goblini, kijitu kidogo kikorofi, ana kinga ya 15, ndiyo namba ya kufikia ili umpate. Mpiganaji wa levo ya kwanza ana nyongeza ya 5, kwa hiyo anahitaji dadu imtolee 10 kwenda juu. Hiyo ni asilimia 55. Mwenzake akimwangusha yule goblini chini, mpiganaji anapata nafuu, inapanda hadi karibu 80. Akipata kikwazo, inaporomoka hadi 30. Hakuna aliyefungua kitabu. Na hesabu yenyewe ina akili: anayehitaji 20 tupu, nafuu inamtoa asilimia 5 hadi pungufu kidogo ya 10, basi. Inamsukuma mwenye uwezekano, haimfanyii miujiza asiyekuwa nao. Hapo nawavulia kofia.

Muuza kahawa ananitazama. Mzee wangu anataka kuuliza, sasa kibaya nini?

Kibaya ni ukungu.

Kanuni inasema ukimpiga mtu usiyemwona, una kikwazo. Inasema pia ukimpiga asiyekuona wewe, una nafuu. Mkiwa wote mmezama ndani ya ukungu mzito, yote mawili yapo, yanafutana, na mnapigana sawasawa na watu walio juani saa saba mchana. Haya, hapo hamjacheka bado. Mwenye upinde mrefu akilenga futi 400 ana kikwazo cha umbali, maana masafa yake mazuri yanaishia futi 150. Lakini kanuni inasema nafuu moja inafuta vikwazo vyote, viwe viwili, viwe kumi. Kwa hiyo mpiga mishale wa futi 400 anamwomba Mungu ukungu ushuke! Kukiwa kweupe ana kikwazo. Kukiwa hakuonekani kitu, kikwazo hana.

Msimamizi akisema "hapana bwana, hiyo haiingii akilini", mchezaji mmoja, na huwa hakosi mmoja, anafungua kitabu, anaweka kidole kwenye mstari. Na mstari uko upande wake. Bili ya kwanza hiyo.

Sifa ya pili: namba zimewekewa dari. Mhusika anaanza na nyongeza ya ujuzi ya 2, na akifika levo ya 17, levo za kupigana na majoka makubwa, anayo 6. Maisha yote, hatua nne. Katika toleo la mwaka 2000 mpiganaji alianza na 1 akaishia na 20, bado hujahesabu upanga wa uchawi. Matokeo yake adui wa jana alikuwa takataka ya leo. Goblini akikutana na shujaa wa levo ya 10 ni kama hayupo.

Kwenye toleo la tano, goblini hafi kisiasa. Mvike shujaa wako deraya nzima ya chuma na ngao, kinga yake 20. Goblini mmoja anahitaji 16 kwenda juu kumpata, robo ya mitupo. Waite goblini 20. Wamzunguke. Kila mzunguko watano hivi watampata, kila mmoja amtoe pointi tano au sita za uhai, jumla kama 27. Shujaa wa levo ya 10 akikaa pale mizunguko mitatu anaanza kutafuta njia. Hapa hata msimamizi kafaidi: adui wake hachakai, kijiji chenye wapiga mishale kina maana, na joka linafikiria mara mbili. Ni kazi nzuri, nasema tena.

Ila dari hilohilo lina upande wake. Mko mbele ya mlango uliofungwa, unahitaji 15 kuuvunja. Mpiganaji, kifua kimejaa, ana nyongeza ya 5, anahitaji 10 kwenda juu. Asilimia 55, na 45 anashindwa. Mchawi, mikono ya mshika kalamu, ana punguzo la 1, anahitaji 16 kwenda juu. Asilimia 25. Pigeni hesabu: karibu mlango mmoja kwa kila tisa, jitu la miraba minne linagonga bega linarudi, halafu mchawi anapiga teke moja mlango unafunguka. Mara ya kwanza meza inacheka mpaka machozi. Mara ya tatu yule mwenye mpiganaji anaanza kuangalia simu. Alitumia kila kitu alichonacho awe mtu wa nguvu, na nguvu zenyewe zinashindwa na bahati.

Dawa ipo kitabuni: usitupe dadu kama jambo halina shaka. Haya, nani anaamua kwamba halina shaka? Msimamizi. Namba ya kuvunja mlango nani anaitaja? Msimamizi. Ukiipa chini wanasema unawabeba, ukiipa juu wanasema unawakomoa. Bili ya pili.

Dogo wa bodaboda ananikatiza: "Lakini bro, si ndiyo uhuru huo? Msimamizi aamue mwenyewe." Dogo, kuna kumpa mtu uhuru na kuna kumtelekeza. Uhuru ni kupewa zana ukaachiwa uchague. Kuambiwa "utajua mwenyewe" huo ni msala.

Tuje kwenye kufa. Mwanzoni kabisa, mhusika akiishiwa pointi za uhai alikuwa maiti. Toleo la tano lina huruma. Ukifika sifuri unaanguka, na kila zamu unatupa dadu ya mauti: 10 kwenda juu umefaulu, chini umefeli. Ukifaulu mara tatu unatulia, ukifeli mara tatu kwaheri. Ukitoa 20 unainuka na pointi moja, ukitoa 1 unahesabiwa umefeli mara mbili. Dakika ile ni tamu. Meza nzima inanyamaza kwa dadu ya mtu mmoja. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, na mtu hapotezi mhusika wa miezi mingi kwa mshale mmoja wa bahati mbaya.

Sasa mleteni kasisi na uchawi wake mdogo wa neno la uponyaji. Anautoa kwa tendo la ziada, futi 60, anarudisha pointi chache tu. Lakini mwenye pointi moja anapigana sawasawa na mwenye pointi mia! Hachechemei, hapungukiwi nguvu. Na pigo halikupeleki chini ya sifuri, lile lililozidi linapotea hewani, isipokuwa liwe kubwa la kutisha. Kwa hiyo kasisi mwenye akili anapiga hesabu hivi: mwenzangu ana pointi 3, adui anapiga 20. Nikimtibu sasa afike 9, bado ataanguka, na uchawi wangu umeliwa bure. Nikisubiri aanguke, zile 17 zilizozidi zimepotea, halafu namwinua. Tiba inayolipa ni ya maiti, si ya majeruhi. Ndiyo maana mashujaa wanaanguka, wanainuka, wanaanguka, wanainuka, pambano moja mara nne.

Msimamizi afanye nini? Akitaka kifo kiwe na uzito, itabidi adui wake ampige aliyelala chini. Akifanya hivyo, ni mkatili. Asipofanya, hakuna anayeogopa. Bili ya tatu, na hii inamharibia mtu urafiki.

Haya, kidonda chenyewe ni saa. Jazeni vikombe.

Nguvu za wahusika katika toleo la tano zinahesabiwa kwa mapumziko. Mapumziko mafupi ni saa moja, marefu ni saa nane. Mchawi na kasisi wanarudishiwa uchawi wao wote wakilala. Mpiganaji, na yule aliyepata uchawi kwa kufunga mkataba na kiumbe wa ulimwengu mwingine, mengi ya kwao yanarudi kwa saa moja tu ya kukaa. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinataja kipimo wazi: siku moja kundi linaweza kubeba mapambano sita hadi nane, ya wastani au magumu, na mapumziko mafupi kama mawili katikati. Usawa wa wahusika wote umepigiwa mahesabu juu ya siku ya namna hiyo.

Mchukueni mchawi wa levo ya tano. Ana nafasi tisa za uchawi: nne ndogo, tatu za kati, mbili kubwa. Ile kubwa ni mpira wa moto: dadu nane za pande sita, wastani pointi 28, na inamuunguza kila aliyeko ndani ya futi 20 kutoka unapotua. Mpiganaji wa levo hiyo anapiga mara mbili kwa zamu, pigo likifika ni nane au tisa. Siku ikiwa na mapambano saba, mizani inakaa. Mchawi anatoa mipira yake miwili mapema, mchana ameishiwa anarusha vicheche, na mpiganaji upanga wake uko vilevile alivyoamka nao. Jioni yeye ndiye anayewabeba. Kila mtu ana saa yake ya kung'ara.

Siku ikiwa na pambano moja je? Mchawi anaachia mpira wa kwanza, anaachia wa pili, adui wamegeuka majivu, mpiganaji bado anachomoa upanga. Wanalala. Kesho hivyohivyo.

Sasa niambieni, nani anacheza mapambano saba kwa siku? Pambano moja la maana linakula saa nzima mezani. Watu wanakutana jioni baada ya kazi, saa tatu nne za kucheza, mmoja kachelewa, mwingine anaitwa nyumbani. Siku moja ya kitabuni ingechukua wiki mbili au tatu za kweli. Na hadithi zenyewe zinakataa. Kama mnamtafuta mwuaji mjini, au mnasafiri msituni, pambano moja kwa siku linatosha, la pili linaanza kuchosha, la saba ni kichekesho. Hadithi inadai moja, hesabu inadai saba, na wote wawili wamekabidhiwa kwa msimamizi yuleyule awapatanishe.

Atafanyaje? Anaweza kuwajazia njiani goblini wasio na kazi, wa kumaliza uchawi wa watu tu. Wachezaji wanaona, wanasonya. Anaweza kuweka saa: binti wa mfalme anachinjwa usiku wa manane, hamna muda wa kulala. Hiyo ni nzuri mara moja. Mabinti wa wafalme wakichinjwa kila wiki inakuwa taarifa ya habari. Au anaweza kuacha, mchawi awe bwana mkubwa na mpiganaji awe mbeba taa. Kanuni inayozuia kulala hovyo ipo, mapumziko marefu ni mara moja kwa saa 24, lakini wachezaji wanapigana saa tatu asubuhi, kisha wanakaa chini ya mwembe kusubiri usiku, na kitabu hakina la kuwafanya. Bili ya nne, na ndiyo nzito kuliko zote.

Yapo pia waliyoyapita kama mtu anayekwepa deni. Wenyewe wanasema mchezo una nguzo tatu: kuchunguza, kuongea na watu, na kupigana. Kwenye kupigana utapewa kanuni mpaka za kupanda farasi. Kwenye kuchunguza utapewa mwendo wa siku, maili 24, au 30 mkiharakisha, halafu utapewa njia za kuufuta uchunguzi wenyewe. Mtu wa porini wa 2014, akiwa kwenye ardhi anayoijua, kundi lake halipotei njia, halicheleweshwi na vichaka, na akitafuta chakula anapata mara mbili. Kuna uchawi wa levo ya kwanza unaotoa matunda kumi, kila tunda linamshibisha mtu siku nzima. Njaa imekwisha, kupotea kumekwisha. Uliyechagua kuwa bingwa wa pori, zawadi yako ni pori kuondolewa kwenye mchezo.

Fundi anasema walirekebisha mwaka 2024. Walirekebisha, sikatai. Mpiganaji kapewa mbinu za silaha, sasa anamsukuma adui au anamwangusha, si kukata tu. Neno la uponyaji likaongezwa kutoka dadu moja ya pande nne hadi mbili, angalau aliyeinuliwa astahimili kidogo. Na zile hesabu za mapambano sita hadi nane? Kitabu kipya cha msimamizi kimeziondoa. Nilipoona nikasonya kwa nguvu mpaka jirani akachungulia. Maana uchawi bado unarudi kwa kulala! Mizani imeondolewa dukani, na unga bado unauzwa kwa kilo. Msimamizi wa zamani alikuwa na namba mbaya. Wa sasa hana namba.

Mtanishika shati: kama ni mbaya hivyo, mbona huuachi? Kwa sababu pale dadu inapotupwa, sekunde ile, sijaona kanuni safi kuliko hizi. Na kwa sababu makosa yake yanatibika mezani, tena kwa ruhusa. Januari 2023 wenye mchezo, Wizards of the Coast walio chini ya Hasbro, walitaka kukaza ile leseni ya tangu mwaka 2000 iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni. Wachezaji wakawaka. Kabla mwezi haujaisha, andiko la msingi la kanuni likawekwa chini ya Creative Commons. Maana yake unaweza kulipakua bure, ukalitafsiri kwa Kiswahili, ukalibadilisha, hata ukaliuza, mradi useme umelitoa wapi.

Basi mkija kukaa mezani, msimsubiri msimamizi aibe muda wa usingizi wake kutengeneza. Kubalianeni kabla ya dadu ya kwanza. Moja, uchawi mkubwa haurudi kwa kulala porini. Unarudi mkifika mahali salama, mjini au penye ukuta. Kitabu cha 2014 kina njia ya hiari inayokaribia hapo, mapumziko mafupi saa nane na marefu siku saba, lakini inavunja uchawi uliopimwa kudumu saa nane, kwa hiyo kipimo cha mahali kinafaa kuliko cha siku. Mbili, aliyeinuliwa kutoka sifuri ainuke na uchovu, ili kuanguka kuwe na bei. Tatu, ukungu ni kikwazo kwa kila mtu, mjadala hakuna. Nne, mlango wa nguvu, mwenye nguvu ndiye anayejaribu, na wengine wanamsaidia apate nafuu.

Na hizo nne msimkabidhi mtu mmoja. Mchawi ndiye atunze hesabu ya mapumziko, kwa sababu ndiye anayefaidi. Kasisi aandike uchovu wa watu. Mpiga mishale asimamie kanuni ya ukungu, yeye mwenyewe, tumwone. Msimamizi abaki na joka na hadithi, kazi alizoziomba. Na mchezaji atakayesema hayo hayamhusu, wiki ijayo kiti cha msimamizi ni chake.